MAORE: JIOGRAFIA, WATU, UTAWALA NA UCHUMI WA KISIWA KILICHOBAKI MIKONONI MWA UFARANSA

Utangulizi

Kada au mwanafunzi aliyeko Kanoni, wilayani Karagwe, yuko mbali sana na bahari. Akiambiwa ajifunze habari za kisiwa kidogo kilichoko kati ya Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska, huenda akauliza: kisiwa hicho kinatuhusu nini sisi wakulima wa kahawa na migomba?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko hapo hapo Mkoani Kagera. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi zetu, wakachora mpaka kwa kufuata mstari wa ramani, digrii moja kusini ya Ikweta, bila kujali mto wala wenyeji. Kwa sababu hiyo sehemu ya nchi yetu iko kaskazini ya Mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia sehemu hiyo, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ni mali ya Uganda. Taifa zima lilikataa. Tulikataa kwa sababu Umoja wa Nchi Huru za Afrika, katika mkutano wake wa Cairo wa Julai 1964, ulikubali kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kuitetea kanuni hiyo.

Katika Komoro kanuni hiyo hiyo ilivunjwa na dola kubwa la Ulaya, na mpaka leo haijarudishwa. Lakini kuna jambo moja linalolifanya suala la Maore kuwa gumu kuliko la Kagera. Wananchi wa Kagera hawakutaka kutawaliwa na Amin. Wananchi wengi wa Maore wamepiga kura, tena si mara moja, kubaki chini ya Ufaransa. Mwanamapinduzi asiyeweza kulieleza jambo hilo atabaki kupiga kelele tu. Makala haya yanajaribu kulieleza, kwa kuitazama nchi yenyewe, watu wake, utawala wake na uchumi wake.

Jiografia

Visiwa vya Komoro ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Wafaransa huviita Grande Comore, Anjouan, Mohéli na Mayotte. Vyote vilitokana na volkano, na vimepangana katika Mlango wa Msumbiji kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Maore ndicho cha mwisho upande wa mashariki, na ndicho kikongwe kuliko vyote. Kutoka Maore mpaka Nzwani ni kilometa 70 hivi. Siku ya anga safi mtu aliye upande mmoja huweza kuiona milima ya upande wa pili.

Eneo lote la Maore ni kilometa za mraba 374, yaani halifiki nusu ya Pemba. Limegawanyika katika visiwa viwili vikubwa na vingine vidogo vidogo. Kisiwa Kikubwa ndicho chenye mji mkuu, Mamoudzou. Kisiwa Kidogo, ambacho ni Pamandzi, kina uwanja wa ndege na mji wa kale wa Dzaoudzi. Mlima mrefu kuliko yote ni Benara, wenye mita 660. Kisiwa chote kimezungukwa na mwamba wa matumbawe, na ndani ya mwamba huo kuna maji yaliyotulia, yenye samaki wengi na kasa. Bandari ya asili kama hiyo ndiyo iliyowatia tamaa manahodha wa Ufaransa karne ya kumi na tisa.

Volkano za eneo hilo hazijalala kabisa. Mwezi Mei 2018 ardhi ilianza kutetemeka mfululizo. Mwaka 2019 wanasayansi waligundua kwamba volkano mpya imezaliwa chini ya bahari, kilometa 50 hivi mashariki ya kisiwa. Kwa hesabu ya vipimo vyao, kisiwa chenyewe kimedidimia kwa sentimeta kadhaa kutokana na tukio hilo. Vimbunga navyo hupita. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kiliipiga Maore kwa upepo uliozidi kilometa 200 kwa saa. Nyumba za mabati za walalahoi zilifagiliwa milimani kama makuti.

Watu

Watu wa Maore ni ndugu za watu wa pwani yetu. Wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Lugha yao kubwa ni Kimaore, ambacho ni namna ya Kikomoro, lugha ya Kibantu iliyo jamaa ya karibu ya Kiswahili. Katika baadhi ya vijiji huzungumzwa Kibushi, ambacho asili yake ni Madagaska. Kifaransa ni lugha ya serikali na ya shule. Kwa mila yao nyumba ni mali ya mwanamke. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na desturi hiyo imewapa wanawake sauti kubwa katika mambo ya kijiji. Tutaona baadaye sauti hiyo ilivyotumika.

Idadi ya watu imeongezeka kwa kasi kubwa. Hesabu ya mwaka 1958 iliwakuta watu 23,364. Ile ya 1978 iliwakuta 47,246. Ile ya 2017 ilihesabu 256,518, na makisio ya 2024 ni kama watu 321,000. Hesabu ya 2017 ilionyesha kwamba karibu nusu ya wakazi, asilimia 48, walikuwa raia wa kigeni, na karibu wote hao ni Wakomoro kutoka visiwa vitatu vingine. Maana yake ni kwamba wanaoitwa wageni Maore mara nyingi ni binamu, wakwe na mashemeji wa wenyeji.

Jinsi Kisiwa Kilivyotengwa

Ukoloni wa Maore ulianza kwa hati ya mauzo. Tarehe 25 Aprili 1841 Andriantsoly, mtawala Msakalava aliyekuwa amekimbia vita Madagaska, alikikabidhi kisiwa kwa Kapteni Passot wa Ufaransa, naye akaahidiwa pensheni ya kila mwaka. Wananchi hawakuulizwa. Walowezi wakaleta mashamba ya miwa. Utumwa ulifutwa kwa amri ya Desemba 1846, lakini nafasi yake ikachukuliwa na vibarua wa mikataba, waliofanya kazi katika hali iliyokaribiana na utumwa wenyewe. Visiwa vingine vitatu vilitiwa mkononi baadaye, kuanzia mwaka 1886. Halafu vyote vinne vikatawaliwa pamoja, kwanza chini ya Madagaska tangu 1912, kisha kama koloni moja la peke yake tangu 1946. Jambo hili ni muhimu kulishika: kisheria Komoro ilikuwa nchi moja kabla ya uhuru.

Makao ya utawala yalikuwa Dzaoudzi, katika Maore. Mwaka 1958 viongozi wa koloni waliamua kuyahamishia Moroni, Ngazija, na katika miaka ya 1960 uhamisho huo ukatekelezwa. Wakubwa wa Ngazija na Nzwani, ambao ndio waliokuwa wengi serikalini, hawakujali Maore ingepata nini badala yake. Makarani waliondoka, biashara ikafifia, wanawake waliokuwa wakiuza vyakula kwa watumishi wakabaki mikono mitupu. Hapo ndipo wanawake wa Maore, wakiongozwa na Zena M'Dere na wenzake, walipoanzisha mapambano ya ajabu. Waziri akitoka Moroni walimzunguka na kumtekenya mpaka arudi alikotoka. Walijulikana kwa jina hilo la watekenyaji. Chama chao kilidai kitu kimoja: kutengwa na visiwa vingine na kubaki na Ufaransa.

Wakati huo huo Wakomoro waliokuwa wakiishi Dar es Salaam walikuwa wameunda chama cha ukombozi, MOLINACO, kilichotambuliwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hivyo kulikuwa na mikondo miwili. Mmoja ulitaka uhuru wa visiwa vyote vinne. Mwingine, katika kisiwa kidogo kilichojiona kimeonewa, uliogopa kwamba uhuru utakuwa ni kubadilisha bwana tu.

Kura na Veto

Tarehe 22 Desemba 1974 kura ilipigwa katika visiwa vyote. Zaidi ya asilimia 94 ya wapiga kura wote walitaka uhuru. Katika Maore peke yake, asilimia 64 hivi waliukataa. Kama kura ingehesabiwa kwa nchi nzima, kama ilivyokuwa desturi katika makoloni mengine, jambo lingekuwa limekwisha. Lakini tarehe 3 Julai 1975 Ufaransa ilipitisha sheria yenye sharti jipya, kwamba katiba ikubaliwe kisiwa kwa kisiwa. Siku tatu baadaye, tarehe 6 Julai, Ahmed Abdallah akatangaza uhuru kwa niaba ya visiwa vyote vinne. Tarehe 12 Novemba 1975 Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kuwa mwanachama, nayo ikiwa ni ya visiwa vinne.

Ufaransa haikujali, ikaandaa kura nyingine kwa Maore peke yake. Mwezi Februari 1976 shauri lilifika katika Baraza la Usalama, na Tanzania, ambayo wakati huo ilikuwa mjumbe wa Baraza, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa azimio la kuitaka Ufaransa isimamishe kura hiyo. Wajumbe 11 waliunga mkono. Tarehe 6 Februari Ufaransa ikapiga veto. Siku mbili baadaye kura ikafanyika, na zaidi ya asilimia 99 wakaamua kubaki. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani kura hiyo na kusema kuwa ni batili.

Hapa inafaa tulinganishe na visiwa vya Pasifiki. Kaledonia Mpya na Polinesia ya Kifaransa zimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi ambazo bado hazijajitawala. Zina mlango wa kisheria wa kudai uhuru, na Kaledonia Mpya imepiga kura tatu juu ya jambo hilo, mwaka 2018, 2020 na 2021. Maore haimo katika orodha hiyo. Machoni pa Umoja wa Mataifa kisiwa hicho hakina uhuru wake wa peke yake wa kudai, kwa kuwa ni sehemu ya nchi iliyokwisha kuwa huru. Machoni pa Ufaransa ni sehemu ya Ufaransa. Kati ya misimamo hiyo miwili hakuna njia ya katikati.

Utawala wa Leo

Tarehe 29 Machi 2009 wananchi wa Maore waliulizwa kama wanataka kisiwa kiwe mkoa kamili wa Ufaransa. Asilimia 95 walikubali, na tarehe 31 Machi 2011 Maore ikawa mkoa wa 101. Serikali ya Paris inawakilishwa na mkuu wake anayeitwa prefekti, ambaye huteuliwa, hachaguliwi. Kuna baraza la kuchaguliwa, kuna mabaraza ya miji na vijiji 17, na kuna wabunge na maseneta wanaokwenda Paris. Tangu 2014 kisiwa kimehesabiwa pia kuwa sehemu ya Umoja wa Ulaya, na fedha yake ni yuro.

Gharama ya hadhi hiyo ni kwamba sheria za Ufaransa hazina budi kufuatwa. Makadhi, ambao kwa karne nyingi waliamua mambo ya ndoa, talaka na mirithi, waliondolewa mamlaka ya kuhukumu mwaka 2010. Ardhi ambayo ukoo uliimiliki kwa neno la wazee imelazimika kuandikishwa. Na pamoja na kuitwa mkoa kama mikoa mingine, kima cha chini cha mshahara kimekuwa chini ya kile cha Ufaransa yenyewe. Usawa ulioahidiwa unaletwa kwa kijiko.

Uchumi

Zamani Maore iliuza nje sukari, halafu vanila na mafuta ya mlangilangi yanayotengenezewa manukato. Mashamba yalikuwa ya walowezi na makampuni, faida ikaenda nje. Miwa ilikwisha kufa mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mlangilangi na vanila vimebaki jina tu. Wananchi wadogo hulima ndizi na muhogo milimani na kuvua samaki. Mchele, ambao ndio chakula cha kila siku, huja kwa meli. Kuku huja kwa meli akiwa amegandishwa. Thamani ya bidhaa zinazouzwa nje ni tone tu mbele ya thamani ya zile zinazoingia.

Nini basi kinachoendesha uchumi huo? Ni fedha ya serikali kutoka Paris: mishahara ya walimu, wauguzi, polisi na makarani, na misaada ya jamii. Fedha hiyo huingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mlango wa pili, kwenda kwa makampuni yanayoleta bidhaa. Pato la wastani la mtu wa Maore ni kubwa mara kadhaa kuliko la ndugu yake wa Nzwani. Lakini ukilipima kwa kipimo cha Ufaransa, asilimia 77 ya wakazi walikuwa chini ya mstari wa umaskini mwaka 2018. Katika hesabu ya 2017, nyumba nne katika kila kumi zilikuwa za mabati, na karibu theluthi ya kaya hazikuwa na bomba la maji ndani. Mwaka 2023 ukame ulipozidi, serikali ilifikia kuyakata maji siku mbili katika kila tatu.

Mwenye kibanja cha migomba kule Karagwe ataelewa jambo hili upesi. Yeye anajua kwamba bei ya kahawa hupangwa mbali na shamba lake. Mwaka bei inapoanguka hupata shida ya ada na ya mavazi, lakini migomba na maharage yamo kibanjani, na watoto wanakula. Mtu asiye na kibanja, anayekula kwa mshahara wa bwana peke yake, hawezi kumwambia bwana neno. Hiyo ndiyo hali ya Maore.

Ufaransa nayo hailipi kwa huruma. Kisiwa kimekaa katika Mlango wa Msumbiji, njia ya meli za mafuta, mkabala na gesi ya kaskazini ya Msumbiji. Kinaipa Ufaransa eneo kubwa la bahari, na kikosi cha askari wake wa Legioni kimewekwa Dzaoudzi tangu miaka ya 1970.

Ukuta Ndani ya Maji

Mpaka mwaka 1995 watu wa visiwa vinne walikwenda na kurudi kwa uhuru. Mwezi Januari mwaka huo serikali ya Waziri Mkuu Balladur iliweka sharti la viza. Tangu hapo kilometa 70 za bahari zimekuwa kaburi. Watu huvuka usiku kwa mitumbwi ya mashine inayoitwa kwasa-kwasa, wakitafuta kazi, hospitali au jamaa zao, na maelfu wamezama. Katika miaka mingi serikali imefukuza watu zaidi ya 20,000 kwa mwaka, na wengi hurudi tena. Miaka ya karibuni wameongezeka wakimbizi wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Karagwe, iliyopokea wimbi la wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, haiwezi kusema kwamba habari hizo ni za mbali.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hasira ya mwenyeji maskini imeelekezwa kwa maskini mwenzake. Akikosa maji, kitanda cha hospitali au nafasi ya mtoto shuleni, hamlaumu aliyeshindwa kujenga. Humlaumu Mnzwani wa jirani. Mkoloni amekuwa mwamuzi kati ya ndugu wawili, na kila mmoja humkimbilia yeye.

Upande wa Komoro

Tusidanganyane kwamba kosa ni la upande mmoja. Komoro huru ilitikiswa tangu mwezi wake wa kwanza. Tarehe 3 Agosti 1975 Abdallah alipinduliwa. Mei 1978 mamluki wa Bob Denard wakampindua Ali Soilihi na kumrudisha Abdallah, na kwa miaka zaidi ya kumi mamluki hao wakawa ndio nguvu iliyo nyuma ya serikali. Mwaka 1997 Nzwani ilijitenga, tena ikaomba irudi chini ya Ufaransa, nayo Ufaransa ikakataa. Mtu wa Maore aliyekuwa akiyatazama hayo ng'ambo ya maji alisema moyoni kwamba mama yake alijua alichokifanya alipomtekenya waziri.

Tanzania haikukaa pembeni. Tarehe 25 Machi 2008 askari wetu, pamoja na wenzao wa Umoja wa Afrika, walisaidiana na jeshi la Komoro kuikomboa Nzwani kutoka kwa Kanali Mohamed Bacar. Umoja wa nchi ya jirani ulilindwa. Lakini Bacar alikimbilia wapi? Alikimbilia Maore, kwa Wafaransa.

Hitimisho

Kutokana na hayo, yako mambo matatu ya kujadiliwa katika madarasa yetu.

Kwanza, kura peke yake haitoshi kuupima uhuru. Kura ya 1976 ilipigwa chini ya bendera ya mtawala, baada ya mtawala huyo kubadili masharti. Kanuni ya mipaka tuliyoitetea kwa damu Kagera ni ile ile inayovunjwa Maore, na hatuwezi kuiona ni takatifu kwetu halafu tuione ni ndogo kwa jirani.

Pili, tusiwatukane wananchi wa Maore kwa kuwaita vibaraka. Waliogopa, na hofu yao ilikuwa na msingi. Waliona makao makuu yanahamishwa na riziki inaondoka, wala hakuna aliyekuja kuwasikiliza. Umoja unaotangazwa na wakubwa bila kuwagawia wadogo haki yao huwa ni kamba mbovu, na mkoloni husubiri ikatike. Nchi yoyote iliyoungana, ikiwamo yetu ya Bara na Visiwani, ina wajibu wa kulikumbuka hilo kila siku.

Tatu, minyororo ya siku hizi ni ya tumbo. Mtu wa Maore haogopi bunduki ya Legioni. Anaogopa siku ambayo meli ya mchele haitakuja. Siku ambayo Komoro itaweza kumwonyesha shamba, hospitali na shule vilivyo bora kuliko hofu yake, shauri hili litaanza kupata jibu ambalo maazimio ya New York hayakuweza kulileta. Kabla ya siku hiyo, kuitaka Maore irudi kwa maneno matupu ni sawa na kumwita mtoto arudi nyumbani kwenye jiko lisilo na moto.